Joto la Bibi Savri

Asubuhi ile Nazokat aliliweka beseni la unga uliokandwa miguuni pa mama mkwe wake, ndani ya blanketi nene la pamba, kama alivyofanya siku zote za Januari. Pale Obigul, milimani Tajikistan, umeme ulikuja saa kumi na moja alfajiri, ukaondoka saa moja. Unga wa kesho uliumuka polepole, mchana kutwa na usiku kucha. Siku hiyo ulifurika beseni kabla Nazokat hajamaliza kuzoa theluji mlangoni.

“Mama, una homa?”

“Sina. Nina joto tu,” alisema Bibi Savri. “Hebu niletee birika.”

Akalikumbatia, likachemka. Wakanywa chai ya maziwa na chumvi, wao wawili na Mehrangez, binti wa Nazokat wa miaka sita, ambaye kifua kilikuwa kikimkoroma tangu mwaka mpya. Mume wa Nazokat alikuwa Urusi, akibeba zege. Alipopiga simu akaambiwa mama yake anachemsha maji, aliuliza kama dawa ya mtoto imepatikana. Haikuwa imepatikana.

Kufikia Ijumaa kijiji kizima kilikuwa na habari. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani yao Qimmat, na mapacha wake wamefungwa mitandio hadi puani.

“Tumekuja kukuota, Bibi.”

“Nioteni. Ila mvue viatu.”

Wengine nao wakaja, wakaketi kumzunguka kutwa. Mehrangez alilala ubavuni mwa bibi yake, na kifua kikatulia.

Wiki ya pili soksi za Bibi Savri zilianza kumpwaya. Ya tatu, Nazokat alimvika koti la Mehrangez, likamfika magotini.

“Mama, jipunguze kidogo.”

“Nijipunguzeje, mwanangu? Mimi si kibatari.”

“Basi nitawafukuza hawa watu.”

“Wafukuze. Anza na huyu.” Akamwonyesha Mehrangez, aliyekuwa usingizini.

Nazokat hakumfukuza mtu.

Aliandika barua tatu kuomba umeme uongezwe. Baada ya ya tatu akaja afisa wa umeme kutoka mjini, mwanamume mpole mwenye mafua. Alikaa karibu na Bibi Savri, akala vipande viwili vya mkate, akavua kofia, kisha akaandika kwamba kijiji kina chanzo chake cha joto. Kuanzia Jumatatu, zile saa za alfajiri zingepelekwa kwingine.

“Lakini anaisha,” Nazokat alimwambia. “Mwangalie, kaka. Mwezi uliopita alikuwa ananifika begani.”

Afisa akaigeuza fomu mbele na nyuma. “Dada yangu, hapa hakuna sehemu ya kuandika kimo.”

Akashukuru kwa mkate, akaenda zake.

Bibi Savri alifariki mchana wa Jumatano, katikati ya Februari. Alikuwa mdogo kama kichanga, na Nazokat alikuwa amempakata.

“Mtoto kakohoa leo?”

“Hajakohoa, Mama.”

“Haya,” akasema, na pumzi ikakatika.

Ofisi ya umeme ilisema saa za alfajiri zitarudi ikipelekewa cheti cha kifo. Daktari akaja, akamshika marehemu mkono, akauachia haraka na kupuliza vidole vyake.

“Pole sana, mama. Ni kweli amekufa. Ila mwenye joto hili siwezi kumwandika marehemu. Nitaulizwa.”

Wakamzika bila cheti. Wachimbaji walikuja na mashoka kwa ajili ya ardhi iliyoganda, wakakuta jembe linatosha.

Theluji haikukaa juu ya kaburi lake. Kila siku baada ya adhuhuri wanakijiji hupanda huko na watoto wao, na mikate mikavu, na blanketi, wakaketi juu ya udongo mtupu hadi jua linapozama. Juu yao nyaya za umeme huvuma zikiteremka kwenda mjini.

Siku moja mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado inaanguka, Mehrangez alikohoa. Nazokat akavua glavu, akabandika kiganja kwenye udongo, akakiacha hapo kwa muda.

“Joto limepungua?” Qimmat aliuliza.

“Halijapungua,” alisema Nazokat, akamvuta mwanawe katikati zaidi.