Matembezi ya Mzee Mseti

“Niachie mzee siku moja tu,” Emanuel alimwambia dada yake Ghati, huku akiifuta pikipiki yake kwa kitambaa kama mtu anayemnawisha mtoto uso. “Na situmii hata senti. Jioni nakurudishia mtu anayecheka, amemsahau Machage, amesahau ng'ombe, amesahau mpaka jina lake. Kemambo nzima hakuna anayejua kumfurahisha baba kama mimi.”

Ghati alimkabidhi chupa ya chai na mfuko wa mihogo ya kuchemsha. “Hata mtihani wa kidato cha nne uliuongelea hivyo hivyo,” akasema, akarudi jikoni.

Ukweli ni kwamba Emanuel hakuwa ameshikwa na mapenzi ya ghafla kwa baba yake. Alikuwa ameshikwa na hofu. Kesho yake wazee walikuwa wanakaa ritongo, lile baraza la kijiji ambalo likishakutenga, hata kaa la moto huombi kwa jirani, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Na Mzee Mseti alikuwa ameapa kusimama mbele ya baraza hilo amtaje jirani yake, Machage, kuwa ndiye aliyemwiba Diwani.

Diwani alikuwa maksai wa kulimia, mweusi, mwenye baka jeupe kifuani na pembe ya kushoto iliyokatika. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na tumbo kubwa na alionekana shambani kwa msimu tu. Asubuhi moja zizi lilikutwa wazi, na alama za kwato zimeelekea njia ya kwa Machage. Mzee hakutaka ushahidi mwingine. Yeye na Machage walitahiriwa msimu mmoja, wakanusa ugoro wa kopo moja mpaka mvi zikawatoka; tangu asubuhi hiyo Mzee Mseti aliacha ugoro kabisa, asije akapiga chafya akamkumbuka rafiki.

Aliyejua Diwani alikokwenda alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anafuta pikipiki. Nyumbani alisema amepewa na tajiri mmoja wa Nyamongo aiendeshe. Tajiri mwenyewe alikuwa Diwani, ila sasa ana magurudumu mawili na anakunywa petroli. Emanuel alimuuza kwa Getruda, mama mmoja wa Usukumani aliyekuwa anawapikia wachimbaji wa dhahabu pale Kerende, na mama huyo alisema wazi kwamba ng'ombe anakwenda sufuriani. Kwa hiyo Emanuel aliamini kwamba shahidi ameshaliwa na wachimbaji, kwa ugali, siku nyingi zilizopita.

Kukiri hakukumpitia kichwani. Alichotaka ni mzee atembee, achoke, afurahi, alale fofofo, na kesho apitiwe.

Mzee Mseti alipanda pikipiki kama anayepanda mtumbwi wa adui. Alikataa kumshika mwanawe kiunoni, akang'ang'ania chuma cha nyuma, fimbo yake ameibana kwapani.

“Punguza mwendo, mura. Unakimbia nini? Umeiba?”

“Hapana, baba.”

Kwenye daraja la Mto Mara, Emanuel alisimama. Chini yake viboko walikuwa wamejipanga majini kama mawe yaliyopakwa mafuta.

“Tazama, baba! Wazungu wanapanda ndege kuja kuona hawa. Sisi tunaona bure.”

“Hawa nawajua kabla hujazaliwa,” alisema mzee. “Wamekula mahindi yangu misimu yote niliyolima pale bondeni. Umenileta niwasalimie?”

“Nimekuleta ufurahi.”

“Basi washa hii kitu, tuondoke nikiwa bado nimefurahi.”

Wakaendelea mpaka bwawa la Manchira. Emanuel alichagua mahali penye kivuli, bwawa likiwa mbele yao, limetulia. Akakunja koti lake likawa mto, akamimina chai, akamenya muhogo. Hata mgonjwa hajawahi kuhudumiwa hivyo.

“Haya, baba. Vuta hewa.”

Mzee aliangalia maji. Akaangalia chai. “Hivi ni kweli umenitoa Kemambo, mgongo umegawanyika vipande, nije kuangalia maji?”

“Ni bure, baba.”

“Ni bure kwa sababu hajapatikana mjinga wa kuyalipia.” Akanywa chai kwa kelele, makusudi. “Unadhani sijui? Umeniondoa nyumbani ili hasira ipoe. Machage amekutuma?”

“Machage? Mimi? Baba, na wewe!”

“Mbona unamtetea? Mtoto gani asiyemkasirikia mwizi wa baba yake? Tangu Diwani apotee sijakusikia ukimtukana huyo mbwa hata mara moja. Kesho nitamtaja. Akifa na azikwe na fisi.”

Emanuel akafungua mdomo aseme mzaha. Ukagoma kutoka. Akatia muhogo mahali pake.

Chini yao, kwenye kijito kinachotoka upande wa bwawa, ng'ombe wachache walikuwa wameletwa kunywa maji. Mzee aliwaona akaacha kulaumu. Tangu watoke nyumbani, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomlegeza uso. Bila kujua anafanya nini, akaanza kupiga mluzi: ule mluzi wa taratibu wa mchungaji anayewabembeleza ng'ombe wanywe, unaopanda kidogo, unashuka, halafu unakatwa ghafla mwishoni kama kikohozi. Ulikuwa mluzi wake mwenyewe. Watoto wake wote walijaribu kuuiga wakashindwa.

Kule kijitoni kichwa kimoja kikainuka, maji yanachuruzika mdomoni.

Kilikuwa na pembe moja na kipande.

Maksai yule aliacha wenzake akapanda mteremko, tumbo linayumba, hana haraka, kama kiongozi anayekuja kuomba kura. Akafika, akasukuma kifua cha mzee kwa pua. Baka jeupe lile pale.

“Diwani,” mzee alisema, akaigusa ile pembe iliyokatika.

“Baba, ng'ombe wanafanana,” Emanuel alidakia. “Wenye pembe mbovu ni wengi. Wanapigana ovyo.”

“Na wote wanajua mluzi wangu?”

Nyuma ya maksai alikuja mwanamke akihema, fimbo mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Emanuel alimtambua kabla hajamaliza mteremko. Kwa joto lote lile akachukua helmeti akaivaa, akashusha na kioo.

“Shikamoo, baba,” alisema mwanamke. “Samahani, huyu hajawahi kunikimbia.”

Mzee Mseti hakuipokea salamu. Alisimama, fimbo juu. “Machage alikuletea lini huyu ng'ombe?”

“Machage ndiye nani?”

“Mwanamke, usinichezee! Huyu ni wangu. Nikipiga yowe hapa, hapatatosha!”

“Piga! Nilimnunua mchana, mbele za watu. Yowe la nini?”

“Twende, baba,” Emanuel alisema ndani ya helmeti, akimvuta mzee mkono. “Huyu na Machage lao moja, hata macho yake yanasema. Tutarudi na polisi.”

Mwanamke akageuka. “Sauti hiyo naijua.”

Emanuel akageukia pikipiki. Alikuwa amechelewa. Getruda alimsogelea, akakiinua kile kioo kwa kidole kimoja, kama alivyozoea kuinua kifuniko cha sufuria aone kama nyama imeiva. Hasira yote ikamwisha usoni.

“Ema! Kumbe ni wewe, mwanangu? Masikini, pole. Pole sana na msiba wa baba yako.”

Fimbo ya mzee ikabaki hewani.

“Tangu siku ile uliponililia pale Kerende,” Getruda aliendelea, amemshika bega, “eti unauza ng'ombe wa mwisho upate kumzika mzee, roho yangu haikutulia. Niliazimia kumchinja, nikashindwa. Nikasema, ng'ombe wa marehemu nitawalishaje watu? Nilipoacha biashara ya chakula nikaja naye huku, nalima naye. Ungekuja tu kumwona, mwanangu, nisingekukatalia.” Akamtazama mzee, halafu Emanuel. “Na huyu babu anayesema ng'ombe ni wake ndiye nani? Baba mkubwa?”

Diwani alikuwa analamba mkono wa koti la mzee. Mzee Mseti aliiangalia pikipiki, kuanzia taa mpaka kile chuma cha nyuma alichokuwa amekishikilia njia nzima. Akamwangalia maksai wake. Akashusha fimbo polepole. Halafu akamgeukia Getruda na kuipokea ile salamu aliyokuwa ameiacha.

“Marahaba, binti yangu,” alisema marehemu. “Mimi usiniulize. Ema, vua hicho kifuniko, umwambie huyu mama ulinizika wapi.”