Mkono Usionekane

…na joto lenyewe la kufunikwa hivi, pazia zito linanuka sigara na vumbi la viatu vya watu, wamenifunika kuanzia utosini kama kiti kibovu siku ya wageni, na juu ya mapaja yangu, nje ya pazia, kwenye mwanga, mbele ya kamera, amekaa mwanangu Odile, miaka minne tu, namsikia anavyopumua, anavyomeza mate, hataki kulia, nilimwambia asilie… "Zelina, mshike kiunoni, kwa ndani ya pazia, mkono usionekane," ndiyo, Bibi, hauonekani, Bibi Whitcomb ana sauti laini, siwezi kusema ni mtu mbaya, alipanda meli kutoka kwao Kaskazini akaja huku New Orleans kutufungulia shule, watoto themanini wanasoma kwa juhudi yake, wote watumwa wa juzi, paa linavuja, na picha hizi ndizo zitakazolijenga, zinauzwa makanisani kwao, mtu anautazama uso wa mtoto, anatoa machozi, kisha anatoa pesa, ndivyo alivyonieleza, na Jumamosi anataka kusafiri na Odile, akamsimamishe mbele ya makanisa hayo, miezi mitatu, labda sita, labda atapatikana mtu mwema wa kumlea moja kwa moja, "Fikiria bahati yake, Zelina," karatasi iko pale mezani inangoja alama yangu, nami nilishakubali, nilikubali jana, nitaikataaje shule… lakini asubuhi niliuliza, nilijikaza nikauliza, Bibi, kwa nini tusikae pichani wote wawili, mama na mwanawe, akaona haya, mashavu yakamwiva, akasema, "Watu wa kwetu wakimwona peke yake wanaona mtoto kama wao. Wakikuona na wewe, huruma itawakatika," maana Odile ni mweupe, nywele zake laini zinaanguka mabegani, ana macho ya kijivu ya yule aliyekuwa bwana wetu, simtaji, na mimi ni mweusi, mweusi hasa, basi huruma yao inafika hapa kwenye pazia inasimama… na hilo gauni, jamani, wiki nzima nimelishona, nikalitia wanga, leo asubuhi nikalipiga pasi, mimi ni dobi, pasi naijua, kola haina kunyanzi hata moja, Bibi akalishika akasema, "Zuri. Zuri mno," akalitundika msumarini, akatoa gunia kwenye kasha la studio, lina matundu, limepakwa masizi, eti aonekane kama alivyokuwa, alivyokuwa lini? Odile hajavaa gunia hata siku moja, hata utumwani, nilimkatia magauni kwenye mashuka yaliyochakaa ya nyumba kubwa, mpishi alikuwa akinicheka, "We Zelina, huyu mtoto unampeleka harusini kila siku?" ndiyo, kila siku, na leo siku ya kuonekana na dunia nzima amevaa gunia la viazi, naona uchungu, na aibu kuliko uchungu…

mlango wa chumba cha giza huo, viatu vya Bwana Lathrop, mpiga picha, anakuja na kioo chake cha kupigia picha, kibichi bado, dawa inanuka mpaka humu ndani, "Hiki ndicho cha mwisho, Bibi. Dawa imekwisha na jua linahama. Akitikisika tena, mpaka wiki ijayo," maana cha kwanza kimeharibika, Odile aligeuka kunitafuta, "Mama yuko wapi?", mama ambaye yeye amemkalia mapajani, na kichwa chake kikatoka kama moshi, Bwana akatuonyesha, "Kinachotikisika kinapotea, kinachotulia kinabaki. Juzi nilimpiga picha bwana mmoja na farasi wake. Farasi hakutulia, hayumo! Nikamwapia mwenyewe kwamba sikumla mimi," akacheka peke yake, Bibi hakucheka, mimi nilicheka kidogo humu ndani, ndiyo, kinachotulia kinabaki… "Zelina, mkono! Naona vidole," samahani, Bibi, nauficha… mkono, mama yangu aliambiwa hivyo hivyo, Mungu wangu, maneno yale yale, Richmond, kwenye mnada wa watumwa, mimi nina miaka sita, nimesimamishwa juu ya kasha, mama yangu yuko nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na mtu mwenye fimbo anasema, hata hakukasirika, sauti laini vilevile, "Ondoa mkono, mama, watu wamwone msichana," na mama akauondoa, na bega langu likapata baridi, na sikumwona tena, uso wake sinao, miaka ishirini nautafuta, nafumba macho hivi, hauji, nimebaki na mkono tu, kovu la pasi juu ya kidole gumba, naye alikuwa dobi, kovu kama ncha ya jani, na mimi ninalo, hili hapa, mahali palepale, nalipapasa gizani… Odile ananitetemekea mapajani, atabaki na nini yeye? atasimamishwa mbele ya watu na gunia lake, atageuka, Mama yuko wapi, na picha yenyewe itamwambia hakuwa na mama, alitokea tu, mtoto wa mtu yeyote anayetaka kumchukua… shule ijengwe, naitaka, nitawafulia nguo wote watakaoijenga, lakini si kwa kunifuta mimi…

"Tayari?" sasa anashika saa yake, najua, mara ya kwanza niliona kupitia tundu la pazia, akishafungua kamera anatazama saa, hamtazami mtu, na Bibi anautazama uso tu… "Tayari. Moja," nautoa, polepole, kutoka chini ya ukingo wa pazia, naupandisha, mbili, ubaridi wa chumba kwenye vidole, mwanga, nauweka begani kwa Odile, juu ya gunia, kovu juu, na hapo naunyamazisha kabisa… tatu, nne… "Zelina!" Bibi huyo, kwa meno yaliyoumana, "mkono!" na Bwana, macho yake kwenye saa, "Usiseme, Bibi, usimshtue mtoto, hakuna kioo kingine," tano, sita… Odile haulizi kitu, pumzi yake imeshuka, kutetemeka kumekwisha, ametulia, ametulia kwa sababu nipo, na karatasi ile mezani itabaki bila alama, Bibi akitaka kwenda naye Jumamosi atanipakia na mimi, kando yake, bila pazia, na asipotaka meli itaondoka bila sisi, nitamwambia, nikitoka humu nitamwambia, saba, nane, vidole vinawaka kwa kujikaza, haviendi popote… tisa… ukiwa mkubwa, mwanangu, ukinisahau sura, utazame hapo begani kwako… kumi, anasema Bwana, bado kumi, na mimi sitikisiki.