Chembe za Mwatumu kwenye Orodha ya Mnyapara

Jumatatu saa saba mchana, katika kambi ya wakata mkonge nje kidogo ya Korogwe, Mwatumu alikaa mkekani mbele ya bada la muhogo na dagaa. Alipomeza tonge la pili, chembe za kongosho lake zikatoka kitovuni, ndogo kama punje za mtama, zikapanga mstari. Yusra, bintiye, alisogeza bakuli la dagaa kuzipisha.

Nesi wa zahanati alikwishawaeleza: chakula kikifika, utumbo hutuma mjumbe kwenye kongosho, na chembe hizo humwaga insulini ili sukari itumike mwilini. Mjumbe alikuwepo, anahema, anarudia kwamba chakula kimefika. Chembe zilimsikiliza kwa adabu. Hakuna iliyoinuka. Mwatumu amekata mkonge miaka ishirini na sita, na katika mwili ule hakuna aliyewahi kuanza kazi kabla ya mnyapara kuita.

Insulini ya sindano haijaonekana zahanati tangu Ramadhani. Yusra akaenda kumwita mnyapara Faraji.

Alikuja na daftari, akazipa chembe namba, akaita. Kila moja ikajibu, “Nipo.” Zikaingia kazini. Alasiri Mwatumu aliweza kusimama, na kesho yake akamaliza kipande chake cha kazi shambani.

Faraji alikuja kila mlo kwa siku tano. Jumamosi alikuja na gari.

“Mama, hizi hazilali, hazidai matibabu,” alisema. “Nazipeleka korona, kule kiwandani, zikasindike mkonge.”

“Hizo ni zangu, Faraji.”

“Na wewe ni wa nani?”

Mwatumu alifikiri. Jibu lililomjia lilikuwa jina la shamba. Yusra alisimama mlangoni na panga, lakini Faraji aliita namba ya kwanza, nayo ikapita kati ya miguu ya Yusra, na nyingine zote zikafuata.

Jumapili Mwatumu alikunywa ndoo mbili za maji, akaomba ya tatu. Jumanne hakuomba kitu.

Alizikwa Jumatano, makaburi ya kambini. Chembe ziliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Faraji, ambaye si mtu mbaya, alizikubalia: zimalize kipande kwanza.

Zilikimaliza saa kumi na moja. Waliozika walikuwa wameshanawa mikono.