Saa Tatu Asubuhi

Mimi hasira zangu hazina breki, na siombi radhi. Siku ile ya Februari 2006 nilimpayukia daktari, nikampayukia na baba yangu mzazi mbele ya Wazungu, mpaka mlinzi akaja kuchungulia mlangoni. Ngojeni nisimulie, halafu mniambie kama nilikosea.

Wazazi wangu walikuwa wametoka Machame kuja kunitembelea kwangu Apple Valley, Marekani, wiki yao ya tatu hiyo. Mimi ni nesi katika nyumba ya wazee, Minneapolis. Asubuhi hiyo, saa mbili na dakika arobaini na moja, Mama akanipigia simu nikiwa katikati ya kugawa dawa. Alitaka kujua nitampeleka lini mtaa wa Frogtown, kwenye lile duka la Wahmong, wale Waasia, alikoona majani ya maboga. Mama akianza kuongea hana kituo. Ametoka kwenye maboga akaingia kwa jirani, ametoka kwa jirani akaingia kwenye baridi. Nikamwambia, "Mama, niko kazini bwana!" Nikakata. Simu nikaitupa kwenye mkoba, mkoba nikaufungia kabatini.

Nilipoufungua ilikuwa saa tano kasoro robo. Baba alikuwa amepiga mara tisa. Mara ya mwisho aliacha ujumbe: "Elinaja, mama yako ameanguka. Tuko hospitali." Haki ya Mungu, sijui niliendeshaje gari kwenye theluji ile.

Nikamkuta Mama kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala tu. Aliponiona machozi yakamtoka. Alijaribu kusema, ikatoka "eh, eh," basi. Baba alikuwa kwenye kiti, kofia mapajani, bado kavaa ndala za ndani.

Daktari alikuwa kijana, nywele nyekundu, mpole. Akanieleza kwamba ni kiharusi. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa imeonyesha kuwa hakuna damu iliyovuja, ila kuna mshipa umezibwa na damu iliyoganda.

"Basi mpeni ile dawa ya kuyeyusha," nikasema. Naijua. Nimeona mzee wa kwetu kazini akipelekwa hospitali kapooza, akarudi anacheza karata.

"Ingemfaa," akasema. "Lakini mwisho ni masaa matatu tangu kiharusi kianze. Zaidi ya hapo inaweza kumvujisha damu kichwani. Muda umepita."

Muda umepita! Bibi yangu, mama yake Mama, alipata ugonjwa huu huu mwaka themanini na saba. Huko hakukuwa na mashine wala dawa. Alilala miaka sita bila kutamka jina la mtu, na Mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Tulisema ni mapenzi ya Mungu, tukanyamaza. Sasa dawa ipo, iko kwenye kabati hatua kumi kutoka kitandani, na mama yangu anayeongea kutwa kucha aje alale kimya kama Bibi? Damu ikanichemka.

"Umepitaje? Kimeanza saa ngapi?"

Akatazama karatasi yake. "Saa tisa usiku. Ni zaidi ya masaa manane."

"Nani kakwambia huo upuuzi? Saa tisa usiku Mama alikuwa anakoroma nyumba nzima inasikia! Saa kumi na moja alfajiri kanifungia makande ya kazini kwa mikono yake mwenyewe!"

"Mume wake ndiye aliyetuambia."

Nikamgeukia Baba. "Baba, umewaambia nini hawa?"

Baba akasimama, akajinyoosha. Amefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na moja. "Nimewaambia ukweli. Kikombe kilimtoka mkononi, nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikawaambia, three o'clock in the morning."

Kwa matamshi safi kabisa.

Looh! Mshale mfupi uko kwenye tisa, yeye kasoma tatu kama anavyosoma tangu azaliwe, akaitafsiri neno kwa neno. Mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza hapa niliitwa kwenye usaili saa two mchana, nikatokea saa mbili asubuhi, nikaganda nje kwenye baridi. Lakini pale sikuyakumbuka hayo.

"Baba, unamuua Mama kwa Kiingereza chako! Tena kikombe kimeanguka saa tatu, mbona gari la wagonjwa umeliita karibu saa nne? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikupigia wewe," akasema taratibu. "Hukupokea. Nikamchua mkono kwa mafuta. Nikaomba."

Daktari akainua mkono. "Naelewa una hasira..."

"Huelewi kitu! Ilikuwa saa tatu yetu, saa nine yenu! Sasa hivi ni saa tano na dakika kumi na tatu. Muda upo mpaka saa sita. Mpe dawa!"

"Nikikosea saa, nitamuua mimi."

Hapo ndipo aliponichefua zaidi, maana alikuwa na haki. Ningekuwa mimi, nisingemsikiliza mwanamke aliyeingia sasa hivi anafoka na theluji mabegani.

Nesi aliyekuwa anamfunga Mama kipimo cha presha akageuka. Kwenye beji yake kuliandikwa Nkatha. "Daktari, ni ukweli," akasema. "Hata kwetu Meru ni hivyo. Hii eleven tunaiita saa tano. Mum wangu ananiconfuse kila wiki kwa simu." Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, pole. Sasa punguza sauti, umtafutie kitu cha kuonyesha."

Kitu gani? Nikapekua mkoba. Simu. Nikaifungua, nikamsukumia daktari usoni: namba ya nyumbani, saa mbili na dakika arobaini na moja, kwa hesabu yao 8:41, dakika mbili. "Aliyepooza tangu usiku anawezaje kunisimulia majani ya maboga?"

Akaisoma mara mbili. Akamtazama Nkatha, akamtazama Baba, akamuuliza kuhusu kikombe. Halafu akatoka mbio. Saa tano na dakika ishirini na sita dawa ikaanza kuingia kwenye mshipa wa Mama.

Tukakaa. Baba akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Somo la saa nimelifundisha mimi. Ongeza sita, ondoa sita. Miaka yote hiyo."

"Na leo ukalisahau," nikasema. Sikumwonea huruma. Nilikuwa na hasira naye, na daktari, na kabati la kazini, na zaidi ya wote na mtu aliyefungia simu humo.

Jioni daktari akarudi. Akamwambia Mama ainue mkono wa kulia. Ukatetemeka, ukapanda. Baba akafunika uso kwa kofia. Kisha daktari akaniomba nimuulize Mama ni saa ngapi, aone kama akili imetulia.

Mama akaitazama saa ya ukutani. "Saa... kumi."

"Anasema ten," nikamwambia daktari, na nilikuwa tayari kumrukia akithubutu kuandika kwamba amechanganyikiwa. Lakini akakunja vidole kimoja kimoja, akaondoa sita, akacheka. "Four. Sahihi."

Mama akanigeukia. Mdomo ulikuwa bado umepinda kidogo, maneno yanatoka polepole, lakini mazima.

"Elinaja. Kwa nini ulinikatia simu?"

Akanisema robo saa nzima, na sikumkatisha.