Msaidizi wa Simu

Fomu ya mashindano ya maswali ilitaka jina la mtu mmoja nitakayempigia nikikwama. Nilikaa nayo mezani siku tatu. Nina kamusi tano, ramani mbili za dunia na kiti kimoja. Mtu wa kumpigia sina. Mwisho nikaandika namba ya dada yangu mkubwa, ambaye hatujasemezana naye miaka sita.

Kosa ni langu, mimi na mdomo wangu. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu kabla havijachapwa, na kosa nikiliona siwezi kulipita. Siku ya kumzika mama, dada alisimama kusoma wasifu wa marehemu, karatasi mkononi. Akasema mama alizaliwa mwaka arobaini na mbili. Nikapaza sauti kutoka nyuma: "Arobaini na moja!" Watu wakageuka. Dada akakunja karatasi, akaketi, hakumaliza. Tangu hapo hajapokea simu yangu.

Kumbe watu wa televisheni walipomwomba ridhaa, alikubali. Basi nikaenda kukaa kwenye kile kiti chenye taa kali, kipindi kikirushwa moja kwa moja, na zawadi yao wala sikuiwaza.

Maswali kumi na mawili niliyajibu kama mtu anayekunywa maji. Likaja la kumi na tatu: ni sayari gani hutumia muda mrefu zaidi kujizungusha yenyewe kuliko kulizunguka jua? Zuhura. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu.

"Nampigia msaidizi," nikasema.

Simu iliita mara moja tu.

"Haya, sema, Profesa."

Sauti ile ile. Nikamsomea swali na majibu manne, sekunde zikiyoyoma.

"Si ile kubwa?" akasema. "Mshtarii. Nilikufundisha mwenyewe kwa vifungo vya mama vya kushonea, umesahau? Mshtarii kilikuwa kile cha koti. Lidude kubwa kama lile litakuwa na haraka ya nini?"

Mshtarii hujizungusha kwa saa kumi. Hakuna sayari inayoizidi kwa haraka. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Una uhakika, dada?"

"Kabisa, mdogo wangu."

Simu ikakatika. Mtangazaji akataka jibu langu la mwisho. Watazamaji walinikodolea macho, kama watu wa siku ile makaburini.

"Mshtarii," nikasema. "Dada yangu hakosei."

Nilitoka mikono mitupu. Mlangoni wakanirudishia simu yangu ndani ya bahasha, na nilipoiwasha tu ikaanza kuita.

"Ulikuwa unajua," dada akasema bila hata salamu.

"Sikujua."

"Mwongo mkubwa. Wewe ulianza lini kutojua?" Nikamsikia akipenga kamasi. "Haya niambie. Mama alizaliwa mwaka gani?"

Nilisimama kando ya barabara, watu wakinipita na mizigo yao. Mwaka nilikuwa nao, mwezi nilikuwa nao, hata namba ya cheti naijua kwa kichwa.

"Nisomee ile karatasi, dada," nikasema. "Mwisho wake sijawahi kuusikia."

Nilidhani amekata. Kisha nikasikia droo ikivutwa.