Kikao cha Kumhamisha Jakayla

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Milwaukee, na kuhusu watoto mtu asinidanganye. Nimewabeba wa kila aina. Kwa miaka mingi niliendesha basi kubwa upande wa ziwani, kwenye majumba ambayo nyasi zake zimekatwa vizuri kuliko nywele zangu. Huko alikuwepo mtoto anaitwa Griffin. Akiambiwa asome kwa sauti darasani, anapindua meza. Siku moja alinirushia kiatu kikanipata kisogoni. Mama yake akamtafutia daktari binafsi, akalipa, na daktari akasema mtoto ana akili nzuri, ila herufi zinamchanganya. Basi akapewa mwalimu wa kumfundisha kusoma kila siku, na akabaki darasani na wenzake. Leo Griffin anasoma vitabu vinene.

Sasa naendesha basi dogo upande wetu wa kaskazini. Basi hilo ndilo linalopeleka watoto kwenye darasa maalumu, chumba cha chini kabisa katika shule ya mbali, jirani na boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kupasha jengo joto. Huko wanapaka picha rangi mpaka saa ya kurudi. Angalia kwenye kioo changu asubuhi yoyote: weusi watupu, na Mateo ambaye wazazi wake wametoka Mexico. Mtoto akishaingia humo, sijawahi kuona anarudishwa alikotoka.

Ndiyo maana mdogo wangu Denita aliponiambia shule inataka kumhamishia Jakayla huko, nilikwenda kwake jioni ile ile. Jakayla ni binti yake, ana miaka minane, na kosa lake ni lile lile la Griffin. Akiambiwa asome, anatupa kitabu. Tofauti ni kwamba Denita anafua mashuka ya hospitali, na pesa ya daktari binafsi hana.

"Kwenye kikao cha kwanza walikuuliza nini?" nikamuuliza.

"Kama kuna mtu kwenye familia amewahi kupata taabu ya kusoma."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna."

"Denita!"

"Ulitaka nisemeje, dada? Nimwanike baba mbele ya wazungu?"

Sikumlaumu, maana hata mimi ningejibu hivyo hivyo. Baba yetu, Shemasi Roscoe Tibbs, hajui kusoma. Kila Jumapili anasimama kanisani, anavaa miwani, anafungua Biblia na kutoa sura nzima bila kukosea. Zamani mama alimsomea wiki nzima mpaka maneno yakakaa kichwani, na mama alipofariki kazi hiyo ikawa ya Denita. Kanisani hakuna anayejua. Tumelelewa hivyo, mambo ya ndani hatuyatoi nje, hasa mbele ya watu wenye mafaili. Tumeona majirani wakinyang'anywa watoto na serikali kwa maneno madogo kuliko hayo.

Kikao cha pili tulikwenda kwa mtindo wetu, yaani tumevaa kama siku ya Pasaka. Denita alivaa kofia yake ya kanisani. Baba tulimchukua makusudi, na suti yake ya kijivu na pini ya ushemasi, kwa sababu mzee wa namna hiyo akikaa mezani, watu wa shule hupunguza dharau. Hatukumpeleka aseme kitu. Tulimpeleka kama pambo, na mwenyewe alijua. Jakayla tulimwacha kwenye benchi koridoni, nywele zimesukwa vizuri, midomo ameibinua.

Ndani tulimkuta Bwana Hartwig, makamu wa mwalimu mkuu, na Mama Lindqvist, ambaye kazi yake ni kuwapima watoto uwezo wa kujifunza. Hartwig alieleza kwa upole kabisa kwamba Jakayla ni mtoto mwenye hasira, kwamba nafasi imeshapatikana, na kwamba kule atajisikia vizuri zaidi. Upole ule ulinichefua.

"Kilichobaki ni sahihi ya mama tu," akasema.

Mama Lindqvist akainua kichwa. "Kabla ya hapo niulize tena. Kuna yeyote kwenye familia aliyewahi kusumbuka na kusoma? Nataka kujua kama tatizo ni hasira au ni herufi."

Denita akautazama mkoba wake. "Hakuna, mama."

Nikampiga teke chini ya meza. Akanirudishia.

"Yupo," baba akasema.

"Baba, acha," Denita akanong'ona.

"Nyamaza, binti yangu. Mtoto anaenda kukaa na boila, halafu mimi niko hapa nalinda heshima?" Akavua miwani na kuiweka mezani. "Mimi sijui kusoma, mama. Shuleni kwetu Mississippi nikiitwa kusoma, nilikuwa nampiga ngumi aliye karibu ili nitolewe nje. Viboko vilikuwa afadhali. Mwisho wakanitoa moja kwa moja, wakasema mimi mkorofi. Huyo mtoto hana hasira. Ana aibu. Naijua aibu hiyo, nimeishi nayo mpaka leo."

Denita akaanza kulia. Mimi nililia kwa hasira. Mama yake Griffin alifungua pochi tu. Hakuna mzee wa kwao aliyelazimika kujivua nguo mbele ya wageni ili mjukuu wake afundishwe kusoma. Nikayasema hayo hayo kwa sauti, na nikaongeza kwamba dereva wa basi wanalotaka kumpandisha ni mimi, na siku hiyo watafute dereva mwingine.

"Dada, punguza," Denita akasema, huku anapangusa macho.

"Lakini nafasi yenyewe..." Hartwig akaanza.

"Mpeleke mwanao," Denita akamkata, kisha akajishika mdomo. "Samahani. Lakini sisaini."

Mama Lindqvist akafunga faili lake. Alisema Jakayla atabaki darasani kwake, atapimwa kusoma wiki hiyo hiyo, na mwalimu wa kusoma ataanza naye mara moja. "Nilipaswa kumpima mapema, bila kusubiri Shemasi aseme," akasema, na kwa hilo namheshimu mpaka kesho. Mwalimu mwenyewe anamwona siku mbili kwa wiki, si kila siku kama Griffin. Hizo tatu zilizobaki bado tunazidai, na tutazipata.

Tulitoka koridoni. Jakayla akatukagua nyuso. "Nahamishwa?"

"Huhamishwi," baba akasema, akakaa kando yake kwenye benchi. "Anakuja mwalimu wa kukufundisha kusoma. Mimi mwenyewe sijui, ulikuwa na habari?"

"Muongo wewe, babu. Kanisani unasoma."

"Nakariri. Mama yako ndiye anayenisomea."

Jakayla akamgeukia mama yake. Denita akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe ulikuwa unatupa vitabu?" akamuuliza babu yake.

"Vitabu? Mimi nilitupa mpaka viti."

Akacheka sana, akaziba mdomo kwa viganja. Halafu kicheko kikaisha, akauliza polepole, bila kumtazama mtu. "Kwa hiyo mimi si mtoto mbaya?"

Baba alimvuta kwapani.

"Ubaya unao sana, jana umenimalizia mkate wangu wa mahindi. Lakini kwa hili, mjukuu wangu, hujawahi kuwa mbaya hata siku moja."