Hodi ya Bimdogo kwa Mumewe

Alhamisi, baada ya alasiri, Bimdogo alifika kwenye lango la hoteli pale Kaole, kakumbatia msahafu wake, akataka kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Kaburi la Husseni limo ndani ya ukuta, nyuma ya bwawa la kuogelea.

Medard, mlinzi, mtu wa bara mwenye adabu zake, akamwamkia, akamweleza tena bila kuchoka. Mkutanoni, kabla hoteli haijajengwa, wanakijiji waliahidiwa kuwa hawatazuiwa kufika makaburini, wakapiga makofi. Basi kufika amefika. Ukuta huo hapo, aushike akipenda. Kuingia ni jambo jingine, hilo ni la wageni waliolipia vyumba. Jamani, watu wazima walipigia makofi neno moja wakadhani wamepewa yote!

"Hodi," akasema Bimdogo.

"Karibu, mke wangu," akajibu Husseni kutoka kaburini, na kikohozi chake kilekile. Mgeni mmoja aliyekuwa anaota jua akavuta taulo lake kupisha njia.

Medard alisikia. Akasema kwa huruma kwamba karibu hiyo ni njema, ila aliyeitoa si mwenye eneo. Meneja akaitwa, akaenda akachuchumaa kando ya kaburi, akazungumza na Husseni kwa upole kuhusu taratibu.

Alhamisi iliyofuata Medard aliliacha lango wazi makusudi, akageukia upande wa pili. Kutoka pale nje Bimdogo aliyaona magugu yalivyolifunika kaburi, na roho ikamuuma. Lakini hakutia mguu. Kwao mtu hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata mlango ukiwa wazi. Akapiga ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akapiga ya mwisho.

"Bimdogo," Husseni akasema kwa aibu, "usinikasirikie. Hapa siku hizi na mimi ni mgeni. Nitakukaribishaje?"

Machozi yakamtoka Bimdogo. Akamwambia hakukasirika, asijitie unyonge. Kisha, akiwa palepale nje, akamuaga kama anavyoagwa mtu aliyeko ugenini, akimwombea Mungu amrudishe nyumbani salama.